Injini ndogo ya petroli: tazama chuma, acha stika

Fundi alitandaza gunia chini ya mwembe akaanza kupanga vipande kimoja kimoja. Pistoni nzima. Ringi nzima. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu inayozunguka), ilikuwa imekatika, na kipande cha chini kilikuwa kimetoboa ubavu wa bloku, tundu la kupitisha vidole viwili. Pale konrodi inapokumbatia krenki, alumini ilikuwa imelainika kwa moto na kugandia kwenye chuma kama ukoko kwenye sufuria. Juu ya tangi la petroli stika ilikuwa bado inang'aa: 7.5 HP.

Ilikuwa pampu ya maji ya mjomba wangu, anayelima nyanya na bamia kwenye bonde la mto Ruvu. Haikuwa imemaliza miezi minne tangu inunuliwe. Nyanya zilikuwa zimeshika maua, na wakati wa maua si wakati wa kukosa maji: ua likipukutika kwa kiu, tunda lake limekwenda. Kwa wiki mbili tuliazima pampu ya jirani usiku, yeye akishamaliza kumwagilia. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchungulia injini za watu, kuwauliza mafundi, na kusoma vile vitabu vya maelekezo ambavyo wengi huvitupa pamoja na boksi. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa yeyote anayekwenda kununua pampu, jenereta, mashine ya kufyeka nyasi, au injini tupu ya kufunga kwenye mashine ya kupukuchua mahindi.

Wengi huuliza "ipi ni imara?" wakajibiwa jina la kampuni. Jina lina uzito wake, na nitalifikia. Lakini injini nyingi nilizoziona zimekufa hazikuuawa na jina. Zimebebeshwa kazi isiyo yake, au oili haikufika inapotakiwa, au vumbi limeingia ndani, au kipuri cha bei ndogo kimekosekana mjini na mashine ikaozea stoo. Ukiyajua hayo, unajua pa kutazama kabla hujatoa hela.

Namba ya kwenye stika

Injini ya mjomba iliandikwa nguvu za farasi 7.5. Fundi alipima silinda kwa kalipa: kipenyo milimita 68. Pistoni inasafiri milimita 54. Hesabu ya shule ya msingi inatosha hapa. Nusu ya kipenyo ni sentimita 3.4, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa pai, unapata sentimita za mraba 36.3, zidisha kwa 5.4, ni sentimita za ujazo 196. Hizo ndizo cc. Stika inaweza kuandikwa chochote, ila cc zimechongwa kwenye chuma.

Injini ndogo ya petroli ya mipigo minne, inayopozwa kwa hewa na yenye valvu juu ya silinda, ikizunguka mara 3,600 kwa dakika hutoa takriban nguvu moja ya farasi kwa kila cc 34. Ni kanuni ya kukadiria tu, lakini haipotei mbali. Honda GX160 ina cc 163; gawa kwa 34, unapata 4.8, na 4.8 ndiyo namba ambayo Honda wanaitaja leo. GX200 ina cc 196, na wanasema 5.5. GX390 ina cc 389, na wanasema 11.7. Sasa cc 196 za mjomba zingetoa wapi farasi 7.5?

Huenda una GX160 ya zamani iliyoandikwa 5.5 ukashangaa. Injini ni ileile, kilichobadilika ni namna ya kupima. Siku hizi Honda wanafuata utaratibu wa upimaji uitwao SAE J1349, unaopima nguvu inayotoka kwenye shafti wakati injini imevaa eakilina (kichujio cha hewa) na ekzosi yake, kama inavyofanya kazi shambani. Nchini Marekani suala hili lilifika hadi mahakamani. Wanunuzi wa mashine za kukata nyasi waliwashtaki watengenezaji kwa kuzidisha namba za nguvu, na kesi ikamalizika kwa makubaliano mwaka 2010. Ndiyo maana mashine nyingi za nyasi zinazotoka huko zinaandikwa cc au torki (nguvu ya kuzungusha shafti), farasi hawatajwi kabisa.

Hata hizo 4.8 si za kuzitumia zote. Kwa kazi ya mfululizo Honda wanaishusha GX160 hadi kilowati 2.9, yaani kama farasi 3.9. Mtu anayeweza kubeba gunia la kilo mia hatua kumi habebi gunia hilo kutoka asubuhi hadi jioni. Ukiona mashine ya bei ndogo inatangaza namba kubwa, jiulize ni namba ya hatua kumi au ya kutwa nzima.

Na ukikaa nyanda za juu, punguza tena. Injini inakula hewa, na hewa ya juu ni nyepesi: kila mita 300 za mwinuko zinaondoa karibu asilimia 3.5 ya nguvu. Mbeya au Nairobi, kwenye mita kama 1,700, injini iliyokuwa na farasi 4.8 pale Bagamoyo inabaki na kama 3.9. Isitoshe, kabureta iliyopimiwa usawa wa bahari inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi inakuwa nyeusi tii na moshi unatoka mweusi. Honda wanashauri kubadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, kwa anayefanya kazi juu ya mita 1,500 muda wote. Nimekutana na wakulima wengi wa milimani wanaobadilisha plagi kila mwezi. Sijakutana na hata mmoja aliyewahi kuambiwa habari ya jeti.

Saa, si miaka

Mjomba alihesabu miezi: "Haijamaliza hata miezi minne!" Injini yenyewe inahesabu saa.

Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Mboga zikihitaji milimita 5 za maji kwa siku, hiyo ni lita 20,000. Kwa mifereji, karibu nusu ya maji inapotelea njiani, kwa hiyo sukuma lita 40,000. Pampu ya inchi 2 inaandikwa lita 600 kwa dakika, lakini hizo ni za maji yasiyopanda popote. Shambani tegemea kama 300. Ni zaidi ya saa mbili kila siku. Kwa msimu wa siku mia moja umefika saa 220.

Linganisha na kitu kimoja kinachosomwa na wachache. Injini zinazouzwa Marekani huwa na lebo ya EPA, mamlaka yao ya mazingira, inayotaja ni kwa saa ngapi injini imethibitishwa kubaki ndani ya viwango vya moshi. Kwa injini za chini ya cc 225 kuna madaraja matatu: C ni saa 125, B ni saa 250, A ni saa 500. Haimaanishi kwamba injini ya daraja C inakufa ikifika saa ya 126. Lakini inakuonyesha mtengenezaji alikuwa anamfikiria nani: mtu mwenye uani mdogo, anayekata nyasi mara moja kwa wiki, miezi michache ya joto. Saa 125 kwake ni miaka mingi. Kwa mjomba hazimalizi hata msimu mmoja. Mashine nyingi za nyasi za mtumba zinazoshushwa bandarini zina lebo hiyo ubavuni. Isome kabla ya kulipa.

Jina la kampuni linaingia hapa, na hata hapo halitoshi peke yake. Honda wana GX, iliyoanza mwaka 1983 na kutengenezwa kwa ajili ya kazi za kibiashara, na wana GC, ya matumizi ya nyumbani. Zote mbili ni Honda halali. Muuzaji akisema "hii Honda orijino", muulize Honda ipi.

Ndani ya bloku

Injini hizi hazina pampu ya oili wala filta ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo. Kila krenki inapozunguka, kijiko kinachota oili na kuirusha kila upande, na kwa mizunguko 3,600 ndani yake kunakuwa kama mvua. Oili yote ni lita 0.6, kama chupa mbili ndogo za soda. Konrodi yenyewe ni alumini tupu inayosuguana na chuma cha krenki, bila beringi katikati. Kinachotenganisha metali hizo mbili ni ile mvua ya oili.

Rudi sasa mtoni. Pampu ya mjomba ilikaa kwenye ukingo, kwenye mteremko, ili iwe karibu na maji. Honda wanasema usiiendeshe GX ikiwa imeinama zaidi ya nyuzi 20. Ukingo wetu ulikuwa zaidi ya hapo. Oili ilikimbilia kona moja, kijiko kikawa kinachota hewa, na konrodi ikaanza kuungua taratibu, siku baada ya siku.

Kilichoniumiza zaidi alikionyesha fundi baadaye. Ubavuni mwa injini palikuwa na waya wa njano uliochomolewa na kufungwa kwa utepe wa gundi. Waya huo unatoka kwenye kihisi cha oili, boya dogo lililomo ndani ya karta, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ikishuka, boya linashuka nalo, linaua moto wa plagi, injini inazima kabla ya kuumia. Wiki ya pili tangu tununue, mashine ilikuwa inazima kila baada ya dakika chache. Mtu mmoja akatuambia "sensa hizi mbovu zote", akauchomoa, mashine ikawaka, tukamlipa na kumshukuru.

"Mzee," fundi alimwambia mjomba, "hii mashine ilikuwa inakulilia. Mkaikata ulimi."

Mjomba hakujibu. Aliuchukua ule waya akaukunja akautia mfukoni.

Kwa hiyo, la kwanza kutazama ndani ni hicho kihisi: kipo, na kinafanya kazi? La pili ni ukuta wa silinda. Injini ya kazi ina slivu, yaani bomba, ya chuma ndani ya bloku la alumini. Chuma kinavumilia msuguano wa ringi, na kikiisha kinaweza kuchongwa upya na kuwekewa pistoni ya saizi inayofuata. Baadhi ya injini za nyumbani hazina slivu, ringi zinasugua alumini yenyewe. Ni nyepesi na za bei nafuu, na zikiisha ndiyo zimeisha. La tatu ni mahali krenki inapokaa. Kwenye injini nzuri pande zote mbili kuna beringi za gololi. Kwenye za bei ya chini kabisa krenki inazunguka moja kwa moja kwenye tundu la alumini. Ukifunga puli na mkanda, mkanda unaivuta shafti upande mmoja kutwa nzima, na tundu hilo linapanuka hadi oili inaanza kuvuja kwenye sili. Dukani huwezi kufungua injini, lakini unaweza kuishika shafti kwa mkono na kuitikisa juu-chini. Isicheze hata kidogo.

Mashine za kufyeka zinazobebwa begani ni habari nyingine. Nyingi zinatumia injini ya mipigo miwili, ya kuchanganya oili kwenye petroli. Haina karta ya oili, ndiyo maana inafanya kazi hata ikilazwa ubavu, na ndiyo maana misumeno ya mnyororo inaitumia. Kinachoiua ni kipimo. Ikiandikwa 50:1, ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. Ikiandikwa 25:1, ni mililita 40. Oili iwe ya injini za aina hiyo, na kipimo kiwe cha chupa yenye mistari. Kukadiria kwa kizibo kumeua mashine nyingi kuliko mawe.

Ukoo mmoja wa injini

Ukizunguka maduka ya mashine Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utaona majina ishirini tofauti kwenye injini zinazofanana kama mapacha. Zinafanana kwa sababu umbo ni moja. Muundo wa GX umenakiliwa China kwa miaka mingi, na viwanda vya huko vinauita kwa namba: 168F ni ile ya kipenyo 68 na mwendo wa pistoni 45, cc 163, kwenye 168F-1 mwendo ni 54, cc 196, 170F ina kipenyo cha 70 na cc 208 hadi 212, 188F inafuata vipimo vya GX390.

Wapo wanaolidharau jambo hili. Mimi naliona kama bahati kwa mkulima. Kabureta, stata ya kamba, koili, gasketi, pistoni na ringi za ukoo huu zinapatikana karibu kila mji wenye duka la spea, na fundi aliyewahi kufungua moja anaweza kuzifungua zote. Kumbuka yaliyowapata wenye injini za Robin. Zilikuwa injini nzuri za Kijapani, nyingi zilifungwa kwenye mashine za kushindilia zege na pampu. Mtengenezaji wake, Fuji Heavy Industries, aliyebadilisha jina kuwa Subaru, aliacha biashara ya injini hizi mwaka 2017. Robin iliyotunzwa bado inafanya kazi, ila kila mwaka kutafuta kipuri chake kunakuwa safari ndefu zaidi. Injini ya kifahari isiyo na spea wilayani kwako ni dhaifu kuliko ya kichina yenye spea sokoni, hata kama chuma chake ni bora mara mbili.

Ubaya wa ukoo huu ni kwamba umbo la nje halikuambii ubora wa ndani. Viwanda vikubwa kama Loncin, Lifan, Zongshen na Ducar vinatengeneza injini kwa viwango vinavyokubalika hata Ulaya na Marekani. Vingine vinapunguza kila kinachoweza kupunguzwa: ringi laini, konrodi nyembamba, kihisi cha oili ambacho ndani hakina boya, ni waya tu wa kupendezesha. Kitu ambacho hakidanganyi kirahisi ni uzito. GX160 kavu, bila oili wala petroli, ina kama kilo 15. Injini ya ukubwa uleule ikiwa nyepesi kwa kilo mbili au tatu, chuma fulani kimeachwa kiwandani.

Tofautisha pia injini ya kichina yenye jina lake na injini feki yenye jina la watu. Ya kwanza ni biashara halali. Ya pili ni wizi, na haikuachii mtu wa kumdai dhamana. Kuandikwa "Made in China" au "Made in Thailand" peke yake si ushahidi wa ufeki, kwa sababu Honda wana viwanda nchi hizo. Angalia jina la modeli lililotoka na bloku lenyewe kiwandani na namba ya mfululizo iliyogongwa kwenye chuma. Stika ya karatasi peke yake haithibitishi kitu. Ukiuziwa feki, kwa Tanzania peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kwa Kenya kuna mamlaka maalumu ya bidhaa ghushi.

Kama unanunua injini tupu ya kufunga kwenye mashine uliyonayo, pima shafti. Zipo za robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, na zipo za milimita 20. Kwa macho ni sawa. Puli ya moja haiwi ya nyingine: itakataa kuingia, au itaingia ikicheza na kula ufunguo wake, kile kichuma kinachoishikiza kwenye shafti, ndani ya wiki. Na injini ya mashine ya kusukuma ya kukata nyasi, ambayo shafti yake imesimama wima, huwezi kuilaza ukaifanya ya pampu.

Kabla ya injini kubwa, mpira mnene

Mjomba alinunua cc 196 kwa sababu pampu yake ya awali "ilikuwa haisukumi". Tulipopiga hesabu upya, kosa halikuwa kwenye injini kabisa.

Kutoka usawa wa maji hadi juu ya shamba ni mita 10. Mpira wa kupeleka maji ulikuwa wa inchi 2, urefu mita 100. Kusukuma lita 300 kwa dakika ndani ya mpira huo, msuguano peke yake unakula kama mita 12, yaani zaidi ya mlima wenyewe. Jumla pampu inasukuma dhidi ya kama mita 22. Badilisha mpira uwe wa inchi 3, maji yaleyale, msuguano unashuka hadi chini ya mita 2, jumla mita 12. Mzigo wa injini umepungua karibu nusu, na hujagusa injini. Hii ndiyo sehemu ninayotamani kila mwenye bustani aielewe, kwa sababu dukani hakuna atakayekuambia nunua mpira mnene uchukue mashine ndogo.

Injini ndogo isiyokamuliwa hadi mwisho inakula petroli kidogo na inadumu. GX160 kwenye mzigo kamili inakula kama lita 1.4 kwa saa. Kwa saa zetu 220 ni lita 308 kwa msimu. Izidishe kwa bei ya sheli ya kwenu, kisha uiweke kando ya bei ya pampu nzima.

Upande wa kuvuta maji hauna hesabu ndefu: weka pampu karibu na maji, isizidi mita 5 au 6 juu yake, na nyanda za juu punguza tena. Chimba kibaraza ukingoni, kisawazishe, ndipo uiweke. Nusu ya siku ya jembe ingeiokoa konrodi yetu.

Kwenye jenereta kanuni ya cc inafanya kazi vilevile, ila umeme wetu wa hezi 50 kwa kawaida unaitaka injini izunguke mara 3,000, kwa hiyo nguvu inashuka, na sehemu nyingine inapotelea kwenye koili za jenereta. Injini ya cc 208 inakupa kilowati 2 hadi 2.5 za kushinda nazo. Ukiona imeandikwa 5, pita.

Dukani

Nikienda kununua siku hizi, swali langu la kwanza ni "kabureta ya hii ni bei gani, na mnayo?" Kisha stata ya kamba, kisha koili. Muuzaji anayezitoa chini ya kaunta ameuza mashine hizi kwa watu waliorudi. Anayesema "haiharibiki hiyo" hana spea.

Halafu vuta kamba taratibu. Lazima ifike mahali ikatae, uhisi pumzi ya silinda mkononi. Omba iwashwe, lakini hakikisha imewekwa oili kwanza, kwa kuwa injini mpya husafirishwa zikiwa kavu, na wapo wauzaji wanaoiwasha hivyohivyo ili uisikie. Sekunde chache kavu zinatosha kukwaruza silinda kabla hujafika nayo nyumbani. Ikiwaka, iache ipate moto, kisha uibane ghafla kwa kazi: fungua maji au washa pasi kwenye jenereta. Sauti itashuka kidogo, gavana (kifaa kinachodhibiti kasi ya injini) itaivuta irudi. Ikiendelea kupanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida, kuna kasoro kwenye kabureta au gavana, na hapo ndipo pa kuiacha.

Ikifika nyumbani, badilisha oili ya kwanza baada ya saa 20. Imwage kwenye beseni juani uitazame: inametameta kwa vumbi laini la chuma, vipande vipya vikizoeana. Huna filta ya kulinasa vumbi hilo, kwa hiyo likibaki linazunguka na kusaga. Baada ya hapo kila saa 100, oili ya 10W-30, au SAE 30 kwa joto la pwani. Eakilina ya sponji ioshe kila saa 50 kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, itie matone ya oili safi na uikamue. Penye vumbi jingi ioshe mapema zaidi ya hapo. Usiiendeshe bila eakilina hata siku moja, hata kama inaonekana inapata nguvu zaidi. Petroli nunua kituoni badala ya chupa za kando ya njia, ambazo nyingi zina maji au zimechanganywa mafuta ya taa. Msimu ukiisha, funga koki ya petroli, iache injini iwake hadi izime yenyewe, kabureta ibaki kavu.

Pampu ya sasa ya mjomba ni ya kichina, cc 163, ukoo wa 168F, iliyoandikwa 5.5 na ambayo sisi tunaihesabu kwa 4.8. Inakaa kwenye kibaraza cha matofali, imesawazishwa kwa pima maji. Waya wa njano upo mahali pake. Kwenye msumari wa kibanda kunaning'inia daftari la shule lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kila anayezima mashine anaandika saa alizotumia. Juzi nilipolifungua, jumla ilikuwa 412. Pembeni, kwa mwandiko wa mjomba: "Oili imebadilishwa 400. Valvu zilipimwa 300. Mpira wa kuvuta una tobo dogo, ununuliwe Jumamosi."